Ngojamaliko wa Jaruba la Saba

Kwanza alikuwa sauti tu.
Desemba, usiku usio na upepo,
mpunga umefika magotini,
na kutoka jaruba la saba
kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu:
vuuum. Kimya. Vuuum.
Zanatta, mwenye shamba, akasema pampu imeingia hewa.
Niliizima. Sauti ikaendelea.

Mimi ni mfungua maji. Mto Murrumbidgee
unanijua kwa spana na tochi;
naajiriwa kujua kina, si viumbe.
Lakini sauti ile ilifika kifuani
kabla haijafika masikioni,
nikalala nayo kama mtu aliyemeza ngoma.

Akaja Hourigan, mhesabu ndege,
na daftari lililolowa na kukauka
hata kurasa zikawa ngumu kama kaki.
"Ngojamaliko," akasema, akishusha sauti
kana kwamba mpunga una masikio.
Wamebaki wachache, na hao wachache hawaonekani.
Avumaye ni dume. Jike hulea peke yake, bubu.
Utotoni alitishwa kwa mvumo huo:
zimwi la bwawa, msiogelee jioni.

Jina lake limebeba amri: ngoja.
Tukangoja.

Jioni ya kwanza, mbu.
Ya pili, mbu, na nyoka mweusi mwenye tumbo jekundu
akapita kati ya buti zangu
kama mkono unaopapasa ufunguo gizani.
Ya tatu, Hourigan alisinzia wima;
mimi nikahesabu mabua
mpaka nikahisi nayo yananihesabu.
Ijumaa akaondoka. Kwenye safu ya walioonwa
alichora kistari kifupi.

Sikumwona kwa kumtafuta.
Ilikuwa asubuhi, mwisho wa Februari,
nimeinama langoni, natafuta nati iliyonidondoka,
mkono topeni hadi kwapani,
nalaani chuma na aliyekifua,
nikainua uso,
na bua moja lilikuwa na jicho.

La manjano. Halikupepesa.
Kisha, taratibu,
shingo ikakubali kuwa shingo;
michirizi ya kahawia na ya nyasi kavu
ikajitenga na mpunga mmoja mmoja,
mdomo umeelekezwa mbinguni
na macho yananitazama kutoka chini ya kidevu.
Upepo ulipoyumbisha shamba, naye aliyumba.
Upepo ulipokoma alichelewa kutulia,
nusu ya pumzi tu,
na kosa hilo dogo ndilo lililonipa ndege.

Miguuni pake, vichwa vitatu vya manyoya
vilivyovurugika kama vya watoto walioamshwa kwenda shule.
Basi siye aliyevuma.
Msimu mzima nimefuata sauti,
nikaangukia kimya chake.

Sikujongea. Maji yaliingia buti la kushoto,
nikayaacha yaingie.

Jumatatu ilikuwa zamu ya kukausha.
Masuke yameinama, mashine ya kuvunia imeshapakwa grisi,
majaruba sita yamebaki tope linalopasuka.
"Tully, la saba mbona lina maji?"
"Nati ya lango imepotea."
Na nati ilikuwa mfukoni mwangu,
ikigongana na sarafu kila nilipopiga hatua.

Zanatta alisimama tutani, kofia mkononi.
Alitazama jaruba kwa muda mrefu
kuliko mtu anavyotazama mpunga.
Sijui aliona nini. Bua lilitikisika, labda.
"Nati za aina hiyo," akasema, "siku hizi adimu.
Itachukua wiki kuipata."
Akaenda kwenye pikapu bila kufunga mlango kwa kishindo,
yeye ambaye hufunga milango yote kwa kishindo.

Ilichukua siku kumi na moja.
Ya kumi na mbili niliingia kwa miguu:
jukwaa la mabua yaliyokanyagwa, halina mtu,
mguu wa chura, ganda la kamba wa mtoni,
unyoya mmoja ambao sikuuokota.
Nikarudi langoni, nikatoa nati mfukoni.
Ilikuwa na joto la paja langu.
Maji yakatoka polepole,
yakizunguka kidogo kwanza
pale alipokuwa amesimama.